Jina la Mbarouk Kwenye Mpira

Wadogo zangu wa timu ya vijana,

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Karatasi hizi nimezinakili mara mbili na bado herufi zangu zinapishana kama kuku waliotawanywa. Makosa yatakuwepo. Mkiyaona yasahihisheni kimya kimya, msicheke kwa sauti mbele ya Maalim wenu, kwa sababu yeye ndiye aliyeniomba niandike. Mimi niliishia darasa la saba. Nikianza ukurasa mmoja, mtu mwingine huwa keshakwenda mjini Chake Chake na kurudi na kitoweo.

Jina langu ni Khatib Juma Khatib. Wengi wenu mnanijua kwa sura tu: yule aliyekuwa akibeba gunia la mipira na ndoo ya maji, asiyesema. Nimekuwa mtunza vifaa wa timu yetu hapa Vitongoji kwa miaka kumi na minne. Sasa nimeoa kijiji cha Ole, shamba la mkwe wangu linataka mtu, na kuja uwanjani kwa baiskeli kila jioni kumenishinda. Kwa hiyo nimestaafu. Nina miaka thelathini na moja. Mnaweza kucheka, lakini wachezaji wenyewe huacha kabla ya umri huo.

Maalim alisema niwaeleze kazi. "Waeleze kufua jezi," kaniambia. Basi nitaanza na jezi, niwe nimetii. Jezi mpya ya rangi iloweke kwanza kwenye maji ya chumvi kabla haijaona sabuni, na uianike kivulini, ndani nje. Madoa ya udongo mwekundu yaache yakauke kwanza ndipo uyasugue. Ukiyasugua mabichi unayapeleka ndani zaidi. Nilijifunza hilo baada ya kuwavalisha wachezaji kumi na mmoja jezi nyeupe zenye rangi ya chai ya maziwa. Nahodha alinitazama akasema, "Khatib, leo tunacheza mpira au tunauza mkahawa?"

Jezi zimekwisha. Ninachotaka kuwaeleza hasa ni saini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa katibu wetu wa zamani, Ami Shaame. Si ami yangu wa damu, lakini kila mtu alimwita hivyo. Kabla ya mechi, fomu ya wachezaji ilikuwa kwake, na kila mchezaji alipita mbele yake kutia saini. Mimi nilikaa pembeni nikijaza mipira upepo. Nakumbuka mchezaji mmoja mgeni alivyopita:

"Jina?"

"Ali."

"Ali nani? Pemba hii ukirusha jiwe litampiga Ali, na atakayekwenda kumpa pole ni Ali."

"Ali Hamad."

"Hao n'nao wawili hapa. Endelea."

"Ali Hamad Ali."

"Haya, sasa umezaliwa. Andika. Na uandike kama alivyokufundisha mwalimu wako, si kama unavyofukuza nzi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliandika majina yake matatu kwa herufi zilizosimama, na hiyo ndiyo ilikuwa saini yake. Wengine walitoa ulimi nje wakiandika. Wengine walichukua muda mrefu hata refa akaja kuchungulia. Lakini ukiichukua fomu ile leo, unamjua kila aliyecheza.

Kuna desturi moja ya timu yetu ambayo nyinyi huenda mmeikuta bila kuambiwa ilianzaje, na mimi pia sijui. Mpira wa mechi ya mwisho ya msimu haurudi kwenye gunia. Wachezaji wote wanautia saini, na unapelekwa kwa mtu wa kijijini anayeipenda timu lakini hawezi kufika uwanjani, ama kwa maradhi ama kwa uzee. Mwaka wangu wa kwanza tuliupeleka kwa mzee mmoja aliyepooza upande. Aliugeuza mpira kwenye mapaja yake, akasoma majina yote kwa sauti, na kila jina akaliombea: huyu Mungu amponye goti, huyu ampe mke, huyu ampunguzie hasira. Wachezaji walisimama mlangoni wakiitikia amin na kusukumana.

Kazi ya kuushika mpira wakati wa kutia saini ilikuwa yangu, na ina ujuzi wake. Mpira uufute kwa kitambaa chenye spiriti, maana jasho na nyasi haviruhusu wino kushika. Ujaze upepo mpaka ukatae kidole. Peni ya kawaida haifai, itakwaruza tu. Tumia makapeni, ile peni nene ya kuandikia maboksi. Mchezaji asiandike juu ya mshono. Wewe ukae, uubane mpira kwa magoti, umzungushie kila mmoja kipande chake. Ukimaliza usiuanike juani, wino utapasuka. Uweke kivulini na usiuguse hata mtu akikuita.

Sasa saini zilibadilikaje? Siwezi kuwaambia ni siku gani. Simu kubwa zilikuja, wachezaji wakawa wanaangalia wachezaji wa Ulaya wakitia saini jezi za watu: mkono unapita mara moja, fyuu, mtu keshaondoka. Kisha siku moja alikuja kwetu mchezaji maarufu kutoka Unguja, kutembelea ndugu zake. Watoto walimpangia foleni. Mtoto wa jirani yangu, msichana wa darasa la nne, hakuwa na karatasi ila daftari lake la Kiswahili. Akatiwa saini humo. Wiki iliyofuata mwalimu alikusanya madaftari, akaiwekea saini ile mkasi mwekundu, alama ya kosa, na kuandika pembeni: "Andika vizuri." Mtoto alilia. Mama yake akaenda skuli kueleza, na mwalimu akamwambia, "Mama, hata kama ni yeye, na yeye aandike vizuri."

Tulicheka sana. Lakini msimu uleule mshambuliaji wetu Salum alikuja na saini mpya. Ilikuwa mduara, mstari mrefu, na nukta mbili. Wenzake wakaona wamebaki nyuma. Baada ya miezi michache kila mtu alikuwa na mchoro wake. Mmoja ulifanana na ndoana, mmoja na uzi wa nyavu uliokatika, mmoja ulikuwa kama kuku kaparua. Kipa wetu Omar peke yake ndiye aliyeendelea kuandika Omar Bakar Omar, na walimtania kwamba anajaza fomu ya kujiunga na darasa la kwanza.

Na mimi? Mimi niliipenda michoro ile. Wakati huo Ami Shaame alikuwa ameshaacha kazi na fomu ilikuwa mikononi mwangu. Sikuwa na ulimi wa kumwambia mchezaji mkubwa, "Njoo utie saini, refa anangoja." Nilikuwa nikisimama na fomu yangu kama mtu anayeomba. Mchoro unakwisha kwa nusu ya pumzi, basi foleni ikawa fupi. Tena nitakwambieni jambo ambalo sijawahi kulisema: waliokuwa wakichelewa kufunga njumu, niliwatilia saini mwenyewe. Majina matatu nisingeweza kuyaiga, ningeshikwa. Lakini ndoana? Nani hawezi kuchora ndoana? Nilijiona mwerevu.

Mwaka mmoja mpira wa mwisho tuliamua upelekwe kwa Bi Mize. Baadhi yenu mmekula kwake. Miaka mingi tukitoka mechi tulipita nyumbani kwake tukakuta muhogo wa nazi umeshaiva, na hakuna aliyemuomba. Mwaka ule mguu ulikuwa na kidonda cha sukari na hakuweza kutoka. Tena alikuwa mama wa mmoja wetu, Mbarouk, kiungo wetu. Kwa hiyo mpira ulikuwa unakwenda kwa mtu wa nyumbani.

Tulipomkabidhi aliutazama huku na huku. Bi Mize anajua kusoma. Alijifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni, na anasoma kwa kidole. Kidole kilizunguka mpira mzima kikasimama kwa Omar tu.

"Omar nimemuona," akasema. "Hawa wengine wako wapi?"

"Ndizo saini za kisasa hizo, mama," Mbarouk akamjibu.

Akagusa mchoro mmoja. "Lino ni jina au mdudu kapita na wino miguuni?"

Tukacheka sote. Akamwuliza mwanawe, "Haya, yako ipi?"

"Itafute," Mbarouk akasema. "Ukiipata nakununulia kanga."

Akatoka nje huku akicheka. Bi Mize akamrushia ukindu aliokuwa akisukia mkeka, haukumpata.

Baada ya Ramadhani Mbarouk alivuka kwenda bara kutafuta kazi. Mwaka ukapita. Akashikwa na homa, siku nne tu, akafa. Alizikwa hukohuko. Mama yake hakuliona jeneza wala kaburi, kwa sababu ya mguu. Simu yake haikurudi. Nguo zake zilitolewa sadaka kama ilivyo desturi. Madaftari yake ya skuli yalikuwa kwenye kasha la mbao, na mchwa walikuwa wameshamaliza kazi zamani.

Mwaka jana Bi Mize aliniita. Nilimkuta kitandani, mpira uko ubavuni mwake, umefunikwa kwa kipande cha kanga.

"Khatib mwanangu, weye ndiye uliyewashikia mpira wakiandika."

"Ndiyo, Bi Mize."

"Basi nionyeshe ya Mbarouk."

Nilikaa chini nikauzungusha. Nikauzungusha tena. Kulikuwa na saini kumi na nane, na niliyoijua kwa hakika ilikuwa ya Omar.

"Sina kitu alichokiandika yule mtoto," akasema. "Hata karatasi ya duka. Nataka nikiweka kidole nijue kwamba vano, hapa hapa, mkono wake ulipita. Basi. Sitaki zaidi."

Wadogo zangu, mimi ni mtu wa haya, na mtu wa haya ni mwepesi kusema uongo ili aondoke chumbani. Kidole changu kilikuwa kimeshanyooka. Ningegusa mchoro wowote na angeniamini mpaka kufa. Lakini alikuwa ananitazama usoni, hautazami mpira. Nikasema, "Nipe siku chache, Bi Mize."

"Uchukue. Lakini ukirudi nao umepungua hata pumzi moja, ntakujua."

Nilikwenda kwanza nyumbani, kwenye mfuko wangu wa nakala za fomu. Nilijua kwenye fomu jina limeandikwa na saini iko mbele yake, kwa hiyo kazi ingekuwa rahisi. Nilikuta fomu sita za msimu ule ambazo mvua haikuzifikia. Mbarouk Saleh Mbarouk, nambari nane, yumo zote sita. Na mbele ya jina lake, mara zote sita, mkono ni wangu. Mbarouk alikuwa mchelewaji wa kufunga njumu. Nilikuwa nimemtilia saini mimi, kwa mchoro wowote uliokuja mkononi, usiofanana na wowote wa kwenye mpira, na wenzake wengi vilevile.

Nilizipanga zile karatasi sakafuni, moja moja. Mke wangu aliniuliza kama nimepoteza kitu, nikamwambia ndiyo.

Basi nikaanza njia nyingine. Nilifunga mpira kwenye baiskeli, nikawafuata wachezaji mmoja mmoja, kila mtu anionyeshe yake, ili atakayebaki bila mwenyewe awe Mbarouk. Niliona ni hesabu ya darasa la pili. Sikujua kwamba watu hawazijui saini zao. Beki mmoja alidai ndoana, na saa moja baadaye mwenzake akadai ndoana hiyohiyo, ikabidi niwakutanishe wabishane mpaka mmoja akumbuke kwamba yake ilikuwa na mkia. Waliokuwa mbali, huko Wingwi, niliwapelekea picha kwa simu ya shemeji yangu. Siku ya tano zilibaki saini mbili, na mtu mmoja ambaye sijamwona: Salum, aliyeanzisha mambo yote.

Nilimkuta Chake, kwenye kituo cha bodaboda. Nikamweleza. Akauchukua mpira kwa furaha.

"Hii hapa. Hii yangu." Akauzungusha. "Hapana. Ngoja. Hii."

"Salum, amua."

"Yakhe, nilikuwa naibadilisha. Ulikuwa hunioni? Kila nikiona mchezaji mpya kwenye simu, nabadilisha."

Nikampa karatasi na peni. "Ichore ya wakati ule."

Akachora. Akachora tena. Akachora mara ya tatu. Zote tatu hazikufanana zenyewe kwa zenyewe, wala na zile za kwenye mpira. Wenzake wa bodaboda walianza kumcheka: "Staa kasahau jina lake!" Yeye hakucheka. Alinirudishia peni.

"Kwa hiyo mama yangu naye akiulizwa yangu ni ipi..." akasema, hakumaliza.

Nikauweka mpira juu ya kiti cha pikipiki, jua likaupiga kwa ubavu. Hapo ndipo nilipoona. Mchoro mmoja kati ya ile miwili ulikuwa na kivuli cha wino, kama moshi, umeburutwa kuelekea kulia. Mkono ulikuwa umepita juu ya wino kabla haujakauka. Kwa mtu anayeandika kwa mkono wa kulia jambo hilo si rahisi, kwa sababu mkono wake unakimbia mbele na kuuacha wino nyuma. Aliyeuburuta wino ni lazima mkono wake ulikuwa unaufuata.

"Salum," nikamwuliza, "wewe si ulikaa dawati moja na Mbarouk?"

"Miaka minne. Mpaka mwalimu akamhamishia mwisho, upande wa dirisha. Viwiko vyetu vilikuwa vikigongana tukiandika, yule alikuwa ana shoto."

Nilirudi Vitongoji bila kushuka kwenye baiskeli hata kwenye mlima.

Bi Mize alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto alishtuka.

"Mbarouk hakuwa na shoto," akasema. "Alipokuwa mdogo alianza kulia chakula kwa kushoto, nikampiga mwiko wa mkono siku moja, akaacha."

"Kula aliacha, Bi Mize. Kuandika, Salum anasema hakuacha."

Akauvuta mpira kifuani, akakiweka kidole chake kwenye ule moshi wa wino, akakipitisha polepole kuelekea kulia, na kukirudisha mwanzo, na kukipitisha tena. Sikujua niangalie wapi. Niliangalia mkeka.

"Hapa mkono kaupitisha," akasema. "Nimeuona. Na jina lake kaliweka wapi?"

"Jina hakuliandika, Bi Mize. Na kwenye fomu..." Nikamwambia yale ya fomu. Yote. Nilimwambia kwamba mahali alipokuwa na nafasi ya kuandika mara sita, nafasi hiyo niliichukua mimi kwa sababu niliona haya kumwita.

Nilitarajia anifukuze. Alisema tu, "Mlikuwa watoto." Baadaye, nilipokuwa navaa viatu mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, si kwangu hasa, "Lakini ningependa kulisoma jina."

Mpira wa msimu uliopita mliuona. Mlikuwepo wakati niliposimama na kusema kwa sauti, "Majina matatu, herufi zilizosimama, na hakuna atakayeondoka." Mlisikia walivyonizomea: "Leo bubu kasema! Funga mlango asibadili mawazo!" Waliandika. Wawili walikuwa wameshasahau jinsi ya kuunganisha herufi, na mmoja alitoa ulimi nje kama wale wa zamani. Tulichelewa kuondoka, na refa alikwenda zake bila kutuaga.

Siuchukii mchoro wako. Mtoto akikuletea jezi yake, mchoree mduara na nukta ufurahi naye afurahi. Nadhani mchezaji mkubwa anachora mstari kwa sababu anaamini dunia nzima inamjua, na jina halina haja. Labda ni kweli kwake. Lakini anayekujua wewe ni watu wa nyumba mbili tatu, na hao ndio watakaokutafuta kwa kidole. Chini ya mchoro andika jina. Na mtu yeyote, hata awe mwema kama nilivyojiona mimi, asikuandikie.

Sasa nina ombi. Kaka na dada zenu wengine walisoma na Mbarouk Saleh Mbarouk, hapa Vitongoji. Waulizeni. Tafuteni kwenye madaftari ya zamani, maana watoto wa skuli huazimana na kuandikiana. Tazameni nyuma ya milango, chini ya madawati, ukutani kwenye lile banda tulilobadilishia nguo, popote kijana aliye peke yake na kipande cha mkaa anapoweza kuandika jina lake. Hata kama ni herufi tatu tu, hata kama limeandikwa kwenye matusi. Mkiliona msilifute wala msilipige picha mkaona yametosha. Niandikieni, mumpe Maalim barua, ataniletea Ole. Semeni liko wapi na limeandikwa juu ya kitu gani, ili nijue kama nije na baiskeli au nije na msumeno. Mwandiko wenu usiwatie haya, mmeshauona wangu. Ila fanyeni haraka kidogo. Bi Mize bado anaona, lakini siku hizi anausogeza mpira karibu zaidi na uso.